Mabua ya Jaruba la Hilda

Tangu Hilda afiwe na mumewe, shemeji yake Elisha alikuwa na wimbo mmoja pale Hombolo: mwanamke huyu hajui mpunga, jaruba la kaka lirudi kwetu. Na mpunga nao ulikuwa ukimuumbua Hilda. Urea anamwaga kila msimu, maji yapo, magugu kang'oa, lakini kingo za majani ya chini zinakauka kama zimebabuliwa na moto, na mashuke yanajaa mapepe, makapi matupu yasiyo na punje. Kamati ya umwagiliaji, inayogawa majaruba, ikampa msimu wa mwisho. Akishindwa, jaruba linakwenda kwa Elisha.

Edina, bibi shamba, akamshauri atenge vijaruba vinne pembeni. Kimoja kipate mbolea zote. Vilivyobaki, kila kimoja kinyimwe kitu chake: naitrojeni, fosforasi au potashi.

"Siku hizi unapika mboga shambani," Elisha akamcheka mbele za watu. "Hapa chumvi, pale hakuna."

Hilda alitamani kumrushia tope la uso. Akaendelea kupima mbolea.

Mpunga ulipoiva, kamati ikaja kuangalia. Kijaruba kilichopata vyote kilijaa mashuke mazito, na kisicho na fosforasi kilifanana nacho. Kisicho na naitrojeni kilipauka, lakini hiyo Hilda huipata kwenye urea. Kilichonyimwa potashi ndicho kilichofanana na shamba lake lenyewe: kingo zilezile za kahawia, mapepe yaleyale.

"Mabua ya hapa huenda wapi?" Edina akauliza. "Potashi nyingi ya mpunga hubaki kwenye mabua."

Watu wote wakamgeukia Elisha. Kila mavuno alikuja na mkokoteni akayazoa kulisha ng'ombe wake, haki ya ndugu wa mume, na hakuna aliyewahi kumkatalia. Samadi yenyewe haikurudi jarubani. Aliwauzia wenye zabibu.

Kamati ikaona kosa si la Hilda, ikamwachia jaruba. Baada ya kuvuna, Elisha akaja na mkokoteni wake vilevile, hana hata haya. Akamkuta shemeji yake katikati ya jaruba, mundu mkononi.

"Mabua hayatoki," Hilda alisema.

"Ng'ombe wangu watakula nini kiangazi hiki?"

"Kawaulize wenye zabibu."

"Kaka alikuwa ananipa."

"Alikupa miaka yote, mpunga wake ukawa mapepe, nawe ukamwita mvivu mpaka anaingia kaburini."

Elisha akawageuza maksai wake, mkokoteni mtupu. Hilda alimwangalia mpaka akapotea, wala hakumwonea huruma. Kisha akachukua jembe, akaanza kuyafukia mabua.