Damu ya Kulinganishia

Watu wa maabara wana kiburi chao, msinibishie. Wanaamini ugonjwa ni wa wale waliopanga foleni nje. Kule chuoni, kwenye maabara ya magonjwa ya ini, kila walipopima damu za wagonjwa walipima pembeni na damu ya mmoja wao, eti ndiyo damu ya mwenye afya, ya kulinganishia. Afya hiyo ilithibitishwa na nani? Hakuna aliyewahi kuuliza.

Mwaka 1996 wakashuka na utaratibu wao huo mpaka Mbamba Bay, kando ya ziwa, wakitafuta homa ya ini kwa wavuvi. Walikuwa watatu: Daktari Mansuetus, mkuu wao, Ilyasi, aliyetunza dawa za kupimia, na Winifrida, mtaalamu wa maabara, mzaliwa wa huko huko ziwani. Siku hiyo zamu ya kutoa damu ya kulinganishia ilikuwa ya Winifrida.

Kwenye kisahani cha kupimia, kishimo chenye damu yake kilitakiwa kibaki bila rangi, maana rangi ndiyo dalili ya ugonjwa. Lahaula, kikawa njano kama kiini cha yai la kienyeji!

"Dawa zimeharibika!" Daktari akafoka. "Ilyasi, friji ulilizima?"

"Haki ya Mungu, Daktari, sijaligusa."

"Basi ni hilo friji lako ulilonunua dukani Mbinga. Siku hizi kila takataka inaingizwa nchini! Kesho unarudi chuoni, na kazi utafute kwingine."

Akatoka kwenda kula. Ilyasi naye akaenda kufunga mizigo. Mkewe, Hasna, alikuwa amejifungua juzi juzi tu, na sasa kibarua kinaota nyasi.

Winifrida akabaki peke yake, roho haijatulia. Kwenye friji kulikuwa na damu ya Ilyasi, iliyobaki kwenye zamu yake. Akaipima pamoja na yake, kwa dawa zile zile. Ya Ilyasi ikabaki bila rangi. Yake ikawa njano tena.

Dawa zilikuwa nzima kabisa. Akamkumbuka kaka yake, Methodi, alivyokufa tumbo limevimba na macho ya manjano, na yeye mwenyewe, msomi wa ini, hakuwahi kujiuliza kama na yeye anao ugonjwa huo. Jamani, aliogopa! Alimwogopa mchumba wake, Erasmo, atakavyosema. Aliwaogopa hata wenzake. Maji ya kuoshea kisahani yalikuwa karibu. Angeosha tu, Ilyasi angeondoka, na siri ingebaki yake.

Daktari aliporudi, alimkuta amekaa mbele ya kile kisahani, hajakiosha.

"Mwache Ilyasi, Daktari. Dawa ni nzima, damu yake haikugeuka rangi. Mgonjwa ni mimi."

"Acha masihara, Winifrida. Wewe ni mtu wa maabara."

"Na wa hapa ziwani pia. Kwani mimi nimezaliwa maabara?"

Daktari akainama juu ya kile kisahani, akakitazama weee. Mwisho akamwita Ilyasi. "Samahani, bwana. Fungua mizigo yako," akasema, sauti imemshuka. Kisha akaagiza Winifrida atolewe damu nyingine, wahakikishe.

Winifrida akakunja mkono wa shati, akakaa kwenye kiti cha wavuvi. Ilyasi alikuwa ameshaelezwa yote, na machozi ya shukrani yalimlengalenga. "Dada Wini, sijui nikushukuru vipi," akasema.

Siku zote wao kwa wao walitoana damu mikono mitupu, huku wakitaniana. Ilyasi akashika sindano, akasita. Akaiweka chini. Akageukia boksi la glavu, akavuta moja, halafu ya pili, akazivaa polepole bila kumtazama usoni.

"Zivae vizuri," Winifrida akamwambia. "Ndivyo inavyotakiwa."

Ilikuwa kweli, na ilimuuma kuliko sindano.