Jiwe la Ankhapi

Ada ya hema la magadi, walikokaushia maiti zisioze, ilikuwa hivi: mwandishi achore mstari wa wino ubavuni mwa maiti, upande wa kushoto, mkataji apasue kwa jiwe lake kali, kisha atimue mbio huku waliobaki wakimtupia mawe na kumlaani. Maana aliyemjeruhi marehemu ni mwovu, hata akimjeruhi kwa wema. Kazi hawakuitaka, matunda yake waliyataka wote. Pamonti alikuwa amepasua na kukimbia miaka kumi na miwili. Wenzake walikuwa waungwana: walirusha vijiwe, wakalenga visigino, na jioni wakanywa naye pombe ya shayiri.

Siku hiyo aliyelala mezani alikuwa Harwa, baba yake mzazi. Mlangoni alisimama kaka yake, Ankhapi, ameshika jiwe la ukubwa wa mkate.

Harwa alimkana Pamonti siku aliyoshika kazi ile, akafa hajalitamka tena jina lake. Ankhapi alidai mkataji mwingine. Akaambiwa mwingine yu hoi kwa homa, na joto hili halimngoji mtu. Mzee asipopasuliwa leo ataoza, na roho yake haitakuwa na mwili wa kurudia. Akakubali shingo upande, kwa sharti kwamba naye awemo miongoni mwa warushaji. Teosi, mkuu wa hema, hakuona ubaya.

"Ulimuua kwa aibu alipokuwa hai, sasa umekuja kummalizia," Ankhapi alisema. "Leo hutoki humu kwa miguu yako, mkata maiti we."

"Nitoke nisitoke, nitamkata vizuri," Pamonti akajibu. "Wewe kaka umemletea nini zaidi ya hilo domo?"

Mwandishi akachora. Pamonti aliutazama uso wa baba yake, ukaidi uleule hata kifoni, akahisi chuki na huruma kwa pamoja. Kisha akapasua juu ya wino. Hakuwa amewahi kufanya kazi safi kama ile. Hapo alipaswa kukimbia, na ada inataka mlango uachwe wazi, lakini Ankhapi alikuwa ameuziba kama fahali mlangoni pa zizi.

Teosi alimwamuru asogee. Ankhapi hakusikia la mtu. Aliinua jiwe kwa mikono miwili, akalirusha kwa nguvu zake zote. Pamonti akainama.

Jiwe lilimpita juu likatua mezani, pakasikika mlio mkavu. Taya ya Harwa ilikuwa imevunjika. Kinywa ambacho kingefunguliwa kwa dua siku ya maziko, ili mzee ale na ajitetee mbele ya Osiri, hakimu wa wafu, kilikuwa kimepinda upande mmoja.

Wanaume sita, kila mmoja na kijiwe chake, waliitazama ile taya, kisha wakamgeukia Ankhapi. Aliyemjeruhi marehemu ni mwovu, na huyu hakuchorewa hata mstari wa wino. Mkuki kwa nguruwe mtamu.

Pamonti aliifunika taya ya baba yake kwa kitambaa, taratibu. Kisha akaliokota lile jiwe kubwa, akalipima uzito mkononi.

"Kimbia, kaka," akasema.