Pembe ya Kushoto ya Mikuki

Kwa miaka thelathini Ambrose Pinnock hakuwahi kumpa Gervase Yeo hata salamu, na kijiji kizima cha Uffcombe kilikuwa kimeshazoea. Kanisani mmoja alikaa upande wa dirisha, mwingine upande wa mlango. Kilabuni mmoja akiingia, mwenzake alimalizia kikombe chake haraka na kutoka. Katika vita vya Waingereza wenyewe kwa wenyewe Ambrose alikuwa amepigania Bunge, Gervase alikuwa amempigania Mfalme. Mfalme mwenyewe alishakatwa kichwa zamani, mwanawe akarudi akakalia kiti, watu wakacheza ngoma wakasahau. Wazee hawa wawili, wapi! Walikuwa wakaidi wa kutupwa.

Kwa hiyo asubuhi ile ya Jumamosi, mwezi wa Machi, watu walipowaona wakipanda mlima pamoja na gari la punda lililojaa vipande vya uzio wa fito, vile ambavyo Gervase alifungia zizi la kondoo, wengine waliacha uji mezani wakatoka mpaka barabarani kushangaa.

Aliyewasukuma kwenda huko alikuwa Thomasin Gale, mwenye kilabu. Bwana mwenye ardhi alikuwa ametangaza kwamba Jumatatu maksai wake watalima uwanda wa Harl, ule ule uliopiganiwa miaka thelathini nyuma. Na Thomasin alikuwa mchumba wa Kit, mdogo wake Ambrose. Kit aliondoka na bunduki yake siku ile akicheka, hakurudi, na kesho yake jina lake likaandikwa kwenye orodha ya waliotoroka. Mama yake aliingia kaburini na aibu hiyo. Thomasin hakuolewa.

"Nitafutieni," aliwaambia, amesimama katikati yao na kitambaa begani. "Mmoja anajua nusu, mwingine anajua nusu. Mkiendelea kununiana kama wake wenza, plau litapita juu ya Kit wangu. Na kama hayupo pale, basi kweli alikimbia, nami nataka nilijue hilo kabla sijafa."

Ambrose alitamani kukataa. Tangu siku ya vita hakuwa ameukanyaga uwanda ule, ingawa kutoka mlangoni kwake ungeweza kuuona. Lakini angemwambia nini Thomasin? Kila mwaka siku ya vita ile, kikombe cha kwanza kilabuni kilikuwa chake yeye, Ambrose, mtu aliyesimama kwenye pembe ya mikuki, kona ya kikosi cha wenye mikuki mirefu, wakati wenzake wanakimbia. Thomasin alimmiminia kwa mkono wake mwenyewe na hakupokea malipo.

Huko juu upepo ulikuwa mkali na majani mafupi, yameliwa na kondoo. Gervase alifunga punda, akatema mate, akaelekeza fimbo bondeni.

"Sisi wapanda farasi tulianzia pale, kwenye chemchemi. Hapo sina shaka, farasi wangu alikunywa mpaka nikaogopa atapasuka. Haya, wewe panga wa kwenu."

"Katikati mikuki," alisema Ambrose.

"Katikati mikuki! Kila mtu anajua katikati mikuki. Katikati ya wapi, bwana wee? Uwanda wote huu!"

"Usinipigie kelele, Gervase Yeo. Sikupigiwa kelele na Mfalme wako, sembuse wewe."

Basi wakaanza. Kipande kimoja cha uzio kilikuwa watu hamsini. Walisimamisha viwili ubavu kwa ubavu, hiyo ikawa mikuki, watu waliojipanga safu sita kwenda nyuma. Kila upande wa mikuki wakaweka kipande kimoja, hao wakawa watu wa bunduki. Kisha kikosi kingine namna hiyo hiyo, na kingine. Mbali kabisa kwenye mbawa zote mbili wakalaza vipande vya wapanda farasi.

"Kwani nyie mlikuwa na farasi?" aliuliza Gervase. "Mimi niliona punda tu."

"Ungewaona vizuri kama ungegeuka. Mlipopita mlipitiliza mpaka kwenye mizigo yetu, mkaanza kuiba soksi."

Gervase alicheka, hakuweza kujizuia, akakohoa, akacheka tena. Ambrose naye akajikuta anatabasamu, akakasirika kwamba anatabasamu.

Wakavuka kwenda upande wa pili kumpangia Mfalme. Mikuki katikati. Bunduki pembeni. Farasi kwenye mbawa. Walipomaliza Ambrose alirudi nyuma hatua chache, akashika kiuno, akatazama majeshi mawili ya fito yakikodoleana macho.

"Ala! Mlijipanga kama sisi tu."

"Ulidhani tulijipangaje, miguu juu? Kanali wetu na kanali wenu walijifunzia vita Uholanzi, kwenye hema moja. Walikuwa wakiazimana mashati."

"Haki ya Mungu?"

"Haki ya Mungu. Sasa niambie, ndugu yako alikuwa kushoto?"

"Kushoto."

Gervase akaenda zake hatua mia akasimama. Ambrose akamfokea kwamba huko ni kulia. Gervase akafoka kwamba ni kushoto. Walibishana mpaka punda akaanza kulia, ndipo Gervase akakumbuka kwamba kila mtu anahesabu kwa jinsi alivyoelekeza uso, na kwamba mtu wa kushoto kwa Bunge ndiye aliyemkabili mtu wa kulia kwa Mfalme.

"Kumbe tulikuwa tunatazamana," alisema polepole. "Mimi nilikuwa bawa la kulia."

Wakaketi kupumzika. Gervase alitoa jibini na kitunguu, akakata, akamsogezea mwenzake kipande bila kumtazama. Ambrose akala. Jua lilitoka kidogo, na katika joto lile jembamba siku za zamani zikamjia zote kwa mpigo. Alikumbuka walivyokuwa wakifanya mazoezi kwenye uwanja wa kijiji, mkulima na fundi viatu na mwoka mikate, sajini akiwatukana mama zao. Alikumbuka harufu ya utambi wa bunduki ukifuka asubuhi. Kit alivaa ule mkanda wao wenye vichupa kumi na viwili vya baruti, na kila alipotembea vililia kwachakwacha, kwa hiyo hakuweza hata siku moja kumnyatia Thomasin dirishani bila baba wa binti kusikia. Siku moja alivitumbukiza vyote ndani ya soksi za sufu, kimoja kimoja, akaenda kimya kimya, akamkuta baba mtu ameketi dirishani anamsubiri.

Ambrose alimsimulia Gervase hayo, na wazee wawili wakacheka mpaka machozi.

"Tulikuwa wazuri," alisema Ambrose. "Mungu anisamehe, tulikuwa wazuri sana. Ninawakumbuka kila siku."

"Hata sisi," alisema Gervase.

Kisha akafuta kisu chake kwenye suruali, akainuka, na kuanza kueleza. Farasi wa Mfalme walitoka bondeni mbio. Farasi wa Bunge kwenye bawa la kushoto wakavunjika mara moja. Wenzake wengi Gervase wakakimbilia mizigo, ni kweli, lakini kapteni wake aliwageuza watu thelathini wakaingia ubavuni mwa kikosi hiki hapa. Akakigonga kwa fimbo kile kipande cha mwisho cha bunduki.

"Hawa walifyatua mara moja, wakakimbia kama walivyofundishwa, kwenda kujificha chini ya mikuki. Huwezi kupakia bunduki farasi yuko juu yako."

"Kwa hiyo Kit..."

"Subiri. Sisi watu wa Mfalme ndio tuliobaki na uwanja usiku ule, tukaamriwa kuzika. Kwa hiyo najua nani alilala wapi. Hapa penye bunduki hapakuwa na mtu, Ambrose. Hata mmoja. Wote walikuwa wamefika kwenye mikuki." Akatembea hatua kumi, akasimama kwenye ncha ya kushoto ya uzio wa mikuki. "Wafu walianzia hapa. Pembeni. Na wa kwanza sitamsahau mpaka nife, kwa sababu nilimwona akiwa hai."

Ambrose alitaka kumwambia anyamaze.

"Pembe ilikuwa wazi," alisema Gervase. "Mtu wa pembeni alikuwa ameshatupa mkuki wake akaenda zake. Tukaona pengo, tukaliendea. Akatokea kijana mmoja, nywele nyekundu, mkanda wa vichupa kifuani, mtu wa bunduki kabisa, anaita jina la mtu. Akatazama huku na huku. Kisha akauokota ule mkuki, akapiga goti pale kwenye pengo, peke yake. Nilimshangaa. Nilikuwa mbele, sikuweza kusimamisha farasi. Na mkuki ule, sijui kwa nini, ulikuwa mfupi. Ulikuwa umekatwa. Ungekuwa na urefu wake kamili, mimi ndiye ningekufa, maana ungenifikia kabla upanga wangu haujamfikia yeye." Akaichomeka fimbo ardhini. "Nilimkata mimi. Nilimzika mimi pia. Sikujua ni nani. Hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa na uso wa kusema."

Upepo uliangusha kipande kimoja cha uzio. Hakuna aliyekiinua.

"Futi mbili," alisema Ambrose.

"Nini?"

"Nilikata futi mbili. Ulikuwa mzito barabarani, na wengine walikata, nikakata. Kwa msumeno wa baba." Aliketi chini kwenye majani. "Ile pembe ilikuwa yangu, Gervase. Jina aliloita lilikuwa langu. Sajini aliniuliza kesho yake, ndugu yako yuko wapi, nikasema sikumwona. Wakaandika ametoroka. Mimi nikanyamaza. Miaka thelathini, nimenyamaza."

Gervase angeweza kumwambia mengi. Alichosema ni hiki: "Mimi sitamwambia mtu habari ya pembe. Tutasema tumempata, basi. Alikufa mahali pake. Kesho tutamchimbua tumpeleke kanisani. Inatosha."

Na kwa kweli ingetosha! Ambrose aliifikiria huruma ile njia nzima ya kuteremka, akiigeuzageuza, akiitamani. Thomasin angepata mifupa ya kuzika, Kit angepata jina lake, na yeye angebaki na kikombe chake. Lakini mtu wa bunduki kufia kwenye pembe ya mikuki? Thomasin angeuliza alifikaje pale. Na asingeuliza, Ambrose angejua.

Kilabuni walikuwepo watu kama kumi. Thomasin alipowaona mlangoni pamoja aliweka mtungi chini.

"Yupo," alisema Ambrose. "Hakukimbia. Niliyekimbia ni mimi."

Akamwambia yote akiwa amesimama, kofia mkononi, mbele ya watu. Futi mbili hakuzificha. Gervase naye akasema la kwake, akakaa kwenye benchi la mlangoni na kuinamisha kichwa.

Thomasin hakulia. Hakupiga kelele. Alijipangusa mikono polepole kwenye aproni yake, kidole kimoja kimoja.

"Yeye hakufundishwa mkuki," alisema. "Alijuaje kuushika?"

"Nilimfundisha mimi. Nyuma ya ghala, kwa mchezo tu. Tulitumia fito za kuangulia tufaha."

"Nionyeshe."

"Thomasin, mimi ni mzee, magoti yangu..."

"Nionyeshe alivyoshika."

Mtu mmoja akampa ufagio. Ambrose aliuchukua, akaweka mwisho wake kwenye unyayo wa mguu wa kulia, akaukunja mguu wa kushoto mbele, akainama, akaelekeza ncha juu, kifuani kwa farasi asiyeonekana. Mgongo ulimlia. Jasho lilimtoka usoni.

Thomasin alivuta kigoda akaketi mbele yake, akamtazama, hakumwambia inatosha. Ambrose naye hakuondoka.