Treni za Nchi Tatu

Mwalimu Nsajigwa alitupa insha siku ya Jumatatu: linganisha safari ya treni ya abiria katika nchi tatu. Darasa zima liliguna. Tukuyu hakuna treni. Wengi wetu tumeiona kwenye kitabu tu, na waliobahatika wameiona Mbeya, tena kwa mbali. Mwalimu akasema, "Msiniletee ya kitabuni. Ulizeni watu waliopanda."

Mimi kuuliza watu siwezi. Hata nikiitwa jina darasani nasimama tu, sauti inabaki tumboni. Lakini kwa insha hii nilijiona nina bahati, maana waliopanda walikuwa nyumbani kwetu. Babu Asajile, baba yake baba, alipanda treni za Afrika Kusini zamani, alipokwenda kuchimba dhahabu. Mama amepanda ya kwenda Zambia mara tatu, tangu biashara iliporuhusiwa. Alikuwa anapeleka mchele wa Kyela mpaka Kapiri Mposhi, anarudi na mablanketi. Na wiki ile tulikuwa na mgeni, Isakwisa, ambaye alisema amepanda zote.

Shida ni kwamba babu na mama hawaonani. Siyo ugomvi. Kwetu mkamwana haonani na baba mkwe. Wachungaji wameshasema sana, na vijana wengi wameacha, lakini mama alifunzwa hivyo na mama yake, na babu naye hajawahi kumwambia aache. Nyumba ya babu iko upande wa pili wa migomba. Akitaka kupita uani kwetu anakohoa kwanza, mara mbili, mama anaingia ndani na kuvuta mlango. Chakula cha babu napeleka mimi. Maneno ya babu naleta mimi. Baba angekuwepo angeyabeba yeye, ila alipopunguzwa kazi kiwanda cha chai alikwenda Chunya kwenye machimbo, na barua yake ya mwisho ilikuja kabla ya Pasaka.

Kwa hiyo yote aliyosema Isakwisa niliyasikia pande zote mbili. Mimi peke yangu.

Alikuja Jumapili baada ya kanisa, amevaa viatu vya soli nene ambavyo havikuwa na tope hata kidogo, na siku ile ilinyesha toka asubuhi. Alisema ni mtu wa Kinyala, kijiji cha upande wa marehemu bibi. Sisi hatukumjua, lakini yeye alitujua wote kwa majina. Alijua baba yuko Chunya. Alijua dada yangu Atuganile anachuma chai na amechoka.

"Mama," alimwambia mama, ameshika kikombe kwa mikono miwili kama mtoto mwenye adabu, "Sauzi sasa imefunguliwa. Dada yangu ana saluni Johannesburg, anatafuta msichana mwaminifu. Wa nyumbani. Siyo hawa wa mjini."

"Mbali huko," mama akasema.

"Mbali kwa zamani! Treni za kule siyo kama hizi zetu za kulaliana na magunia. Mlango unajifunga wenyewe. Unalala kitandani, shuka nyeupe. Asubuhi unafungua pazia unaona bahari, na bahari inakusindikiza mpaka unaingia Johannesburg."

"Bahari!" Atu akasema. "Moni, umesikia?"

Nikatikisa kichwa kwamba nimesikia. Mama alikuwa anacheka. Siku nyingi sijamwona anacheka hivyo.

Jioni nikampeleka mgeni kwa babu kusalimia. Babu alikuwa kibarazani anamenya magimbi.

"Ugonile, tata," Isakwisa akasema.

"Ndaga. Kaa. Wanasema unataka kutuchukulia mjukuu."

"Namtafutia kazi tu, mzee. Zambia, hapo Ndola. Hoteli ya watu wa kanisa."

Nikamwangalia. Hakuniangalia.

"Njiani atateseka?" babu akauliza.

"Wapi! Treni ile ni moja kwa moja. Anapanda Mbeya, hainui mzigo wake tena mpaka Ndola. Analala, anaamka, amefika."

"Enzi zetu tulikuwa tunashushwa kila saa kama mbuzi," babu akasema. "Vizuri. Vizuri fijo."

Tukarudi kupitia kwenye migomba. Kulikuwa kunaanza giza na majani yanadondosha maji. Sijui nilipata wapi nguvu, nikauliza kwa sauti ndogo, "Mjomba, ni Sauzi au ni Zambia?"

Akasimama. Akaniwekea mkono begani, siyo kwa nguvu. "Zambia ni njiani, Moni. Nimemwambia mzee nusu ya kwanza, asiogope. Si wewe ndiye unayebeba maneno hapa?"

"Ndiyo."

"Basi usibebe mengi. Mzigo ukizidi, mtoto anaumia."

Akacheka, nami nikacheka kidogo kwa sababu yeye alicheka. Mkono hakuutoa mpaka tulipofika uani.

Wiki nzima sikusema. Nilijiambia wakubwa wana namna zao za kusema. Nikafanya insha yangu. Jumatano nikamuuliza babu treni za Sauzi zilikuwaje, naye alifurahi, hakuna anayemuulizaga. Akasema weusi walikuwa na mabehewa yao, benchi za mbao, dirisha halifunguki. Ukichelewa dakika moja imekuacha, haijui kungoja. Nikamuuliza kuhusu bahari.

"Bahari gani?"

"Ile ya Johannesburg."

"Joburg haina bahari, mwanangu. Nimekaa miaka sita. Unajua umefika ukiona vilima vya njano, mchanga wanaotoa mgodini. Bahari ni mbali, siku nzima."

Alhamisi nikamuuliza mama kuhusu Zambia. Alikuwa anapepeta maharage. Akasema treni yetu ya kwenda kule ina daraja la tatu, watu wanapika uji chini ya viti, wanauza kuku, mtoto wa mtu unampakata mpaka anakuwa wako. Haifiki Ndola wala Lusaka. "Inaishia Kapiri. Pale lazima ushuke, ubebe mzigo kichwani mpaka stesheni nyingine, ya treni za Zambia zenyewe. Shingo yangu hii haijapona mpaka leo."

Ijumaa jioni nikachora safu tatu kwenye daftari: Tanzania, Zambia, Afrika Kusini. Chini ya kila nchi nikaandika aliyosema babu, aliyosema mama, aliyosema Isakwisa. Nikasoma. Sauzi hakuisimulia mbele ya babu, aliyeijua. Njia ya Zambia hakuisimulia mbele ya mama, aliyeijua. Kila mmoja alimsimulia reli ya mwenzake. Na alijua hawatakaa chumba kimoja kulinganisha, kwa sababu na yeye ni mtu wa huku.

Atu alikuwa anafunga begi lake la kijani. Nikamwonyesha daftari.

Akasoma kidogo tu. "Sasa?"

"Anadanganya, dada."

"Amesahau bahari iko wapi, basi ndiyo mwongo? Wewe hata Mbeya hujafika." Akafunga zipu. "Moni, mikono yangu iangalie. Angalia. Miaka miwili kwenye chai. Usiniharibie. Ukimwambia mama sitakusamehe, na mimi sitanii."

Ningesema. Mama alikuwa jikoni, hatua kumi. Niliamka mara mbili nikafika mlangoni. Sauti ikabaki tumboni.

Jumamosi kabla jua halijatoka wakaondoka. Isakwisa alisema gari linangoja barabara ya lami, watawahi treni ya mchana Mbeya. Alikataza tusiwasindikize stesheni, eti kuna wezi. Nilibeba begi mpaka mwisho wa mibuni. Atu alinikumbatia haraka, ananukia mafuta ya mgeni. "Rudi sasa," Isakwisa akaniambia. Ukungu ulikuwa mzito, barabara sikuiona. Nilisikia mlango wa gari, halafu gari likaenda polepole, halina kelele, kama linateleza.

Niliporudi mama alikuwa anawasha moto, anaimba wimbo wa kanisani. Upande wa pili babu alikuwa kibarazani, nilimsikia anakohoa kikohozi chake cha kawaida, siyo cha kupita. Nikaingia ndani, nikachukua daftari, nikaenda kusimama katikati ya migomba, mahali ambapo wote wawili wanasikia. Nikafungua insha. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Nikasoma safu ya kwanza, ya pili. Nilipofika kwenye bahari ya Johannesburg, babu akaita, "Nani amesema hivyo?"

"Isakwisa, babu. Alimwambia mama. Anampeleka Atu saluni Johannesburg."

"Mimi kaniambia Ndola!"

Wimbo jikoni ukakatika. Nikasoma ya Ndola, kwamba hushuki, huinui mzigo. Mlango ukafunguka. Mama akatoka kichwa wazi, bila kitenge, akakanyaga katikati ya migomba mpaka nyumba ya pili, na babu hakupata muda wa kukohoa. Miaka ishirini hawajawahi kutazamana. Babu aligeuza uso, kwa mazoea. Halafu akaurudisha.

"Baba," mama akasema, "Kapiri lazima ushuke."

"Na Joburg hakuna bahari," babu akasema.

Nilivyowaona wamesimama vile, uso kwa uso, ndipo nilipoogopa kweli.

Tukafika stesheni ya Mbeya kabla ya saa saba. Treni ilikuwa haijaja. Watu wamekaa juu ya mizigo, wanailalamikia treni. "Hii kazi yake kuchelewa," mzee mmoja akasema. Babu akajibu, "Iache ichelewe, ndugu yangu. Ichelewe tu." Tulizunguka wote waliokuwa wanangoja. Atu hakuwepo. Mama akasema labda wamejificha wametuona, watajitokeza ikifika. Askari wa pale akaandika jina la Atu, akauliza jina la pili la Isakwisa. Tukaangaliana. Hakuna aliyekuwa nalo.

Treni ilifika saa kumi. Babu akapanda kutoka mbele, mama kutoka nyuma, mimi nikakimbia nje kando ya mabehewa. Nikaita. "Atuganile! Atuganile!" Sijawahi kupiga kelele hivyo maisha yangu yote. Madirisha yakajaa vichwa, vya watu wengine. Babu na mama wakakutana behewa la kati, kila mmoja akaangalia nyuma ya mwenzake, kama anatarajia mwenzake amemleta. Wakashuka mikono mitupu. Treni ikapiga honi, ikaenda.

"Labda watapanda ya wiki ijayo," mama akasema.

Nje ya stesheni kuna mlima mdogo. Lori moja lilikuwa linaupanda, limejaa, linanguruma, dereva anabadilisha gia, linalia kama linaumwa. Nikalisikiliza. Kutoka kwetu kuja Mbeya magari yote yanaanza kwa kulia hivyo, maana barabara pale kwetu inapanda. Hayana namna nyingine. Yanayoteleza kimya ni yale yanayokwenda upande mwingine.

"Mama," nikasema. "Gari la asubuhi halikulia."

"Unasema nini?"

"Lilishuka."

Mama alikaa chini palepale, kwenye kokoto. Babu akabaki amesimama karibu yake, hakusogea mbali. Kila mtu wa kwetu anajua kushuka kuna nini: Kyela, halafu mto wa mpakani, halafu Malawi. Na toka alfajiri mpaka saa ile hata mtu wa baiskeli angekuwa ameshafika.

"Huko hakuna reli," babu akasema. Hakuwa anamwambia mtu. "Tungemngojea wapi?"