Digrii Moja kwa Mayai ya Shangazi

Usiku wa kuamkia leo niliota nimesimama ndani ya mstari wa programu niliyoiandika mwenyewe kwa lugha ya C, na ndani ya mstari kuna foleni.

Mstari huo unaendesha mashine yangu ya kuangulia vifaranga: joto = 37 + baridi ? 1 : 0; Nilikusudia digrii thelathini na saba, na kukiwa na baridi iongezwe moja. Kwenye mashine mna mayai ya shangazi Nambua, ya kuku pekee aliyepona ugonjwa wa kideri. Yakiharibika, mbegu ile imekwisha.

Thelathini na Saba amekaa kwenye benchi na sweta lake. Jumlisha, mama mnene mwenye haraka zake, anamshika mkono yeye na Baridi, anawapeleka getini. Mlinzi wa geti ni Alama ya Kuuliza; nyuma yake wamesimama Moja na Sifuri, na anayefika getini asipokuwa sifuri humtoa Moja, akiwa sifuri humtoa Sifuri.

"Jumla yenu ni sifuri?" anauliza.

"Hapana," anajibu Jumlisha.

"Basi joto ni moja. Piteni."

"Moja juu ya thelathini na saba, afande!" napiga kelele.

"Moja tu. Jumlisha hutangulia, mimi nafuata. Hapa hatusomi moyo wako, kijana, tunasoma mstari."

Geti linafunguka, na sasa tuko ndani ya mashine. Mayai yanatetemeka. Yai moja linaniambia kwa adabu, "Samahani kaka, tunakufa." Nalia, wala sioni haya kusema.

Wanaingia wazee wawili waliopinda migongo, mume na mke, Mabano. Mzee anasimama mbele ya Baridi, bibi nyuma ya Sifuri, wanawakumbatia wote waliomo katikati, hata Mlinzi.

"Hawa kwanza," anasema bibi. "Jumlisha, mwanangu, subiri."

Jumlisha anasubiri. Mlinzi anamtazama Baridi peke yake, anatoa moja, na Jumlisha anampelekea Thelathini na Saba. Thelathini na nane. Mayai yanatulia.

"Ahsanteni sana wazee wangu, Mungu awaweke," nasema.

"Ungetuita mapema," anasema mzee. "Tupo tu."

Nilipoamka kulikuwa kumekucha. Nikakimbilia mashine: kipimajoto kinasoma 38. Nikafungua kompyuta: joto = 37 + (baridi ? 1 : 0); Mabano hayo sikuyaandika mimi.

Nikayaamkia, "Shikamooni," kisha nikaenda kumwita shangazi aje asikie mayai yake yakidonolewa kwa ndani.