Bomba la Idara ya Rangi

Siku hizi Wakonyo anakaa Membley kwa binti yake Maggie, nyumba ya geti na maua, na akipashiwa githeri, mahindi na maharagwe yake, kwa ile mashine ya dakika mbili, anakula nusu halafu anasukuma sahani. "Kwani ina nini, shosho?" wajukuu humuuliza. Haina kitu, na hiyo ndiyo shida yake. Lakini watoto ambao hawajawahi kula githeri ya bomba utawaelezaje?

Turudi nyuma, mwaka wa tisini na sita, Eneo la Viwanda Thika, kwenye kiwanda cha mablanketi ambacho leo ni ghala la mtu. Wakonyo alikuwa idara ya rangi, pale nyuzi zilipochemshwa kwenye matangi. Mvuke wa kuchemshia ulitoka nyumba ya boila kwa bomba refu, likapita nyuma ya idara hatua kama thelathini. Bomba hilo liliwekwa likiwa limevikwa vizuri, pamba nene ya kuzuia joto na bati juu yake. Sasa Julai moja ya baridi Wakonyo alibandua bati kidogo tu, na kipamba chake, akaweka mkebe wake wa chakula juu ya chuma. Saa saba akaukuta unafuka. Kesho yake Nafuna, rafiki yake wa tangi la pili, naye akabandua pake. Kufikia Krismasi bomba lote lilikuwa uchi, na mikebe arobaini imepangwa juu yake.

Na palikuwa na sheria, usifikiri ilikuwa fujo. Hakuna aliyekula mkebe wake. Kengele ya saa saba ikilia uliokota mkebe wowote uliofikiwa na mkono wako. Aliyeleta nyama angeweza kuangukia mahindi matupu, na ole wake anune! Angechekwa mpaka Ijumaa. Hapo ndipo Wakonyo, Mkikuyu wa Ruiru aliyeapa kwamba mrenda, ile mboga ya kuteleza ya kina Nafuna, ni makamasi, alijifunza kuulamba hadi vidole. Na yule ambaye nyumbani kwake, mabandani Kiandutu, hapakulala chakula, aliweka mkebe mtupu, kifuniko kimekazwa. Aliyeuokota aliurudisha kimya akamegewa na jirani, na mwenyewe alikuwa ameshajishikia mkebe wa mtu anakula. Hakuna aliyeuliza mtupu ulikuwa wa nani. Miaka mitano, hata siku moja hakuna aliyeuliza.

Ndipo akaja Bwana Kagwe, meneja mpya, mtu wa tai na haraka. Alikuta boila inakunywa mafuta kama ng'ombe wa kiangazi. Akabandika karatasi kila mlango: Zima taa, Funga maji. Nani alizisoma? Akatundika sanduku la maoni ili wafanyakazi waseme jinsi ya kupunguza matumizi, na lilipofunguliwa likatoa kijikaratasi kimoja: "Tuanze kwa kuzima meneja."

Watu walicheka wiki nzima. Kicheko kilikatika waliposikia Kagwe amemshika Sele.

Sele ndiye aliyekuwa mtu wa boila, Mwislamu mzaliwa wa Majengo, mpole, si mtu wa maneno mengi. Wote walimwita Baba Junaid. Kagwe alisema mafuta mengi hivyo hayawezi kuungua tu, lazima kuna mtu anayauza kwa nyuma kwa mitungi. Akampa hadi Ijumaa: aeleze yanakoenda au aende nyumbani. Miaka kumi na saba kazini, na aondoke na jina la mwizi!

Mlango wa boila ulitazamana na bomba. Sele aliiona mikebe kila siku ya Mungu. Neno moja tu lingemwokoa, na hakulisema.

Jumatano Wakonyo alimwendea.

"Baba Junaid, si useme tu?"

"Niseme nini, Mama Maggie?"

"Bomba!"

"Bomba gani?" Akageuka kutazama saa yake ya kupimia mvuke, akaifuta na kitambaa ingawa ilikuwa safi.

Wakonyo alitoka pale kwa hasira, na hakujua amemkasirikia nani. Ukweli ni kwamba alijua. Mkono wa kwanza kubandua lile bati ulikuwa wake.

Alhamisi Kagwe aliwaita wote uani. Safari hii hakuleta karatasi. Alisema amechoka kubahatisha, wao ndio wanaoshinda na mashine, basi wamwambie joto linapotelea wapi. Watu walitazama viatu. Nafuna alimshika Wakonyo sweta kwa nyuma.

"Nyamaza, wewe," alinong'ona. "Watu watakula nini?"

Wakonyo alifikiria ile mikebe mitupu. Halafu akamwona Sele amesimama peke yake kando ya ukuta, kofia mkononi, kama mtu aliye kwenye matanga ya watu asiowajua. Ngai! Akachomoa sweta mkononi mwa Nafuna.

"Kikulacho ki nguoni mwako, meneja," alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyotaka. "Baba Junaid haibi mafuta. Mafuta tunayala sisi, na githeri. Bomba tulilivua nguo, na wa kwanza kulivua ni mimi."

Kagwe alikwenda kujionea. Alisimama mbele ya ile mikebe arobaini, akagusa chuma, akaruka akipuliza vidole. Wakonyo alingoja kufukuzwa. Lakini yule bwana alimuuliza tu: "Na kuna nini kingine nisichokijua?"

Hapo ndimi zikafunguka. Huyu akasema kuna tangi linalochemshwa tupu kila Jumatatu. Yule akasema valvu ya nyuma huvuja tangu mwaka juzi. Kagwe aliandika mpaka kalamu ikaisha wino, akaazima ya Nafuna. Kila idara ikachagua mtu wake wa kuangalia moto na taa, na bomba akasema watalivika wenyewe, kwa mabaki ya blanketi. Wanawake walilishona kwa sindano za magunia. Nafuna alishona analia na kumtukana Wakonyo kwa Kibukusu, mshono mzuri lakini. Ijumaa ikafika, Sele akabaki, naye akamwahidi meneja kuwa joto la boila halitapotea tena.

Ungedhani Wakonyo alifurahi. Alifurahi siku mbili.

Kwa sababu saa saba sasa ilikuwa saa saba tu. Kila mtu alikula chakula baridi kwenye mashine yake, mgongo kwa mwenzake. Wenye uwezo walitoka kwenda kibandani. Na wale wa mkebe mtupu? Walizunguka uani saa nzima, mikono mifukoni, wakijifanya kuna mtu wanayemtafuta. Wakonyo aliwahesabu kwa macho, na hapo ndipo alipojua kwa mara ya kwanza ni akina nani. Afadhali asingejua.

Baada ya mwezi Kagwe aliwaita tena, mara hii kwa soda. Mafuta yalikuwa yameshuka karibu mara mbili ya kiasi alichokadiria fundi aliyeletwa kutoka Nairobi kupima hasara. Makofi! Wakonyo hakupiga. Alikuwa mtu wa jikoni tangu utotoni, na alijua bomba uchi, na valvu, na hilo tangi, havili mafuta kiasi hicho. Aliacha soda yake akaenda kwa boila.

"Baba Junaid, niambie ukweli. Ulikuwa unayauza?"

Sele alicheka, kicheko chake kidogo.

"Kuanzia saa tano mvuke hautakiwi mpaka saa nane. Kitabu kinasema teremsha moto. Mimi sikuwa nateremsha. Bomba lingepoa kabla ya kengele, mngekula nini?"

"Kila siku?"

"Kila siku."

"Hata Ramadhani?"

"Kwani Ramadhani nyinyi hamkuwa mnakula?"

Miaka mitano Wakonyo alidhani kinachopasha chakula ni bomba tu. Mtu mwenye njaa, midomo imekauka, alisimama mbele ya moto akiuchochea ili wao wacheke na mikebe ya watu.

"Siwezi kuacha boila nije nikae na watu," Sele alisema. "Lakini mlango ukiwa wazi nilikuwa nawaona. Umeniokoa, mama, na Mungu akulipe. Ila sasa nikifungua mlango naona ukuta."

Kesho yake saa saba Wakonyo alibeba stuli yake na mkebe wake, akamburuta Nafuna, wakaenda kukaa mlangoni kwa boila. Githeri ilikuwa imeganda. Wakonyo akausogeza mkebe aupumzishe juu ya boila, dakika mbili tu.

Sele akauchukua, akamrudishia mkononi.

"Hapo hapana, Mama Maggie," alisema. "Nimeshaahidi."

Akachomoa kijiko mfukoni mwa ovaroli, akavuta ndoo akaikalia, wakaila baridi hivyo hivyo, watatu.