Shangazi Hatoi Nyota za Huruma

Asubuhi ile watu wa mtaa wa Bawshar wanakuja kumposa dada yangu Shaikha, baba alimvua shangazi kazi aliyoifanya miaka thelathini, akamvisha nyengine kabla hata chai haijapoa.

"Leo, dada, wewe ulikuwa mwalimu," alisema. "Mwalimu wa Kiingereza, huko huko Uingereza."

"Waingereza nikiwafunza Kiingereza?"

"Watoto wao."

Mimi nikacheka. Baba akanitupia jicho, na mara nikajikuta nabeba maboksi ya shangazi kuyaficha chini ya kitanda changu. Ndiyo faida ya kumaliza skuli na kuuza makava ya simu mtaani Hamriya: nyumbani kila mzigo una jina lako.

Ndani ya maboksi mlikuwa na maisha yake yote. Shangazi Mahfoudha ni Mwingereza wa Portsmouth mwenye ulimi wa Unguja, kastaafu akaja kukaa nasi huku Uarabuni. Wazee walimpeleka huko mdogo, hajui hata kufunga viatu. Alipofika miaka kumi na tisa aliliandikia gazeti moja la muziki la London, akawaambia kwamba mwandishi wao anaisikiliza roki kwa magoti. Mhariri akamjibu: basi njoo wewe mwenye masikio. Akaenda, yakhe! Akazunguka na mabendi kwenye mabasi yanayonuka soksi, na kila ukumbi alisimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Nyuma, kwa sababu ndiko unakojua kama sauti inafika. Mlangoni, kwa sababu wanamuziki wengine ukweli huwapandisha mori. Mpiga gitaa la besi mmoja alimmwagia bia. Shangazi akaandika gazetini kwamba ile bia ilikuwa na mdundo kuliko besi lake. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikufa akiamini mwanawe ni karani wa hospitali.

Kila onyesho aliliwekea nyota kama maksi, moja mpaka tano. Mameneja walimpelekea maua, manukato, mmoja hata televisheni. Vyote akavirudisha. Hajawahi kutoa nyota asiyoiamini, na hicho ndicho kitu pekee anachojivunia.

"Nyamaza tu, dada," baba akamwomba. "Bi Balqis, mama wa mposaji, mtu wa heshima zake. Akisikia mambo ya magitaa atasema nyumba hii ina mambo."

"Ntanyamaza, kwa ajili ya Shaikha. Lakini nikiulizwa sisemi uongo, Aflah. Sikuusema nilipokuwa nnalipwa, seuze bure."

Wakaja watatu: Loai mwenye kuposa, Bi Balqis mamake, na mjomba wake Sinan. Kwa desturi za huku wanaume wangekaa kwao na wanawake kwao, lakini sisi wenye asili ya Unguja kwenye fleti ya mtaa wa Darsait tunakaa pamoja, tukisingizia kiyoyozi cha chumba cha pili kibovu. Mjomba Sinan aliingia na gitaa mgongoni. Kumbe alisoma Uingereza ujanani, akarudi na shahada na gitaa, na tangu hapo hakuna shughuli ya ukoo wake aliyoiachia ipite bila kuimba.

Halwa ikaliwa, kahawa ikanywewa, gitaa likatoka. Akaimba wimbo mrefu wa roki, macho kafumba. Alipomaliza akafanya anavyofanya siku zote: akatuuliza mmoja mmoja. Mama akasema mashallah. Baba akasema mashallah mara mbili. Mimi nikasema nimekumbuka mbali, na kweli nilikumbuka sijachaji simu.

"Na mwalimu?" akasema Sinan. "Wewe uliyekaa Uingereza, tupe maksi."

Baba akaanza kukohoa. Shangazi akaweka chini kikombe.

"Mimi si mwalimu, bwana Sinan. Nilikuwa mwandishi wa muziki wa roki, miaka thelathini. Mkono wako wa kulia unaijua kazi. Lakini unaimba kama mtu anayeogopa kumuamsha jirani, na ubeti wa tatu umeuruka kwa sababu una sauti ya juu. Nyota mbili."

"Kati ya mbili?" nikauliza, kuokoa jahazi.

"Kati ya tano, Safwan."

Bi Balqis akainuka akitafuta mkoba ambao alikuwa kaushika. Loai alimuaga Shaikha kwa nyusi tu, masikini. Sinan akaondoka, gitaa kalikumbatia kama mtoto aliyechomwa sindano.

Kesho yake simu ya baba ikaleta sauti aliyoirekodi Bi Balqis. Baba akaifungua mbele yetu sote, kwa bahati mbaya yake.

"Bwana Aflah, binti tumempenda na posa ipo pale pale. Ila harusini yule shangazi mumuweke meza ya nyuma. Na akiulizwa, ni mwalimu."

Baba akamtazama dadake. "Siku moja tu, dada. Siku moja itakuuma nini?"

"Nyuma nimesimama miaka thelathini kwa hiari yangu," shangazi akasema. "Kuwekwa siwekwi."

"Basi na mie nakaa meza hiyo hiyo," akasema Shaikha. "Loai atanitafuta. Ana macho."

Baba akamwangalia mmoja, kisha mwengine. Halafu akabonyeza simu kujirekodi, na sauti aliyoitoa sikuwahi kumsikia nayo.

"Bi Balqis, dada yangu ni mwandishi wa roki, na atakaa meza ya mbele. Mkiridhika, njooni Ijumaa tupange siku. Msiporidhika, wallahi halwa tutaila wenyewe." Akaniita. "Safwan! Yatoe maboksi. Na niletee drili."

Mpaka Ijumaa ukuta wa sebule ulikuwa umejaa: picha za shangazi na nywele zake kubwa kati ya wanaume wenye nywele kubwa zaidi, kurasa za gazeti zenye jina lake, na katikati, kwenye fremu, ukurasa wenye doa la bia. Baba alizitoboa tundu zote mwenyewe.

"Fremu imepinda," shangazi akamwambia. "Nyota tatu, na hakuna ya huruma."

Nikachungulia dirishani. Gari ya Bawshar ilikuwa inazunguka mtaa kwa mara ya pili, ikitafuta pa kuegesha, jambo ambalo Darsait huvunja hata posa njema. Kwenye kioo cha nyuma ilichomoza shingo ya gitaa.

"Shangazi, wamekuja. Na mjomba kaja nalo."

Akajitanda buibui lake vizuri, akakaa kiti cha mbele, chini kabisa ya lile doa la bia.

"Mfungulie," akasema. "Na umwambie naungoja ubeti wa tatu."